Utoaji mimba: maswali ambayo tiba inayajibu na yale isiyoweza kuyajibu

Katika mijadala mingi kuhusu utoaji mimba, maswali matatu huulizwa kwa pamoja kana kwamba ni swali moja. La kwanza ni la kitabibu: mimba hutolewaje, na mwili wa mwanamke hupitia nini inapotolewa? La pili ni la kimaadili: kilichomo tumboni ni nini, na kina haki gani juu ya yule anayekibeba? La tatu ni la kisheria: dola imlinde nani, imwadhibu nani, na ijiepushe na nini? Anayejibu swali la pili kwa hoja za la kwanza, au la tatu kwa hoja za la pili peke yake, hubishana kwa nguvu nyingi bila kumfikia mwenzake. Naamini sehemu kubwa ya ukali wa mjadala huu inatokana na mchanganyiko huo, na kwamba kila upande una ukweli mchungu unaopaswa kuukubali kabla ya kudai usikilizwe.

Ukubwa wa jambo lenyewe haumruhusu mtu kulizungumzia kama tukio la nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mimba zipatazo milioni 73 hutolewa kwa makusudi kila mwaka ulimwenguni, na kwamba katika kila mimba kumi zisizotarajiwa, takriban sita huishia hivyo. Kati ya zote zinazotolewa, karibu asilimia 45 hutolewa kwa njia zisizo salama, na nyingi mno kati ya hizo hutokea katika nchi zinazoendelea. Takwimu hizi hazisemi kama kitendo chenyewe ni halali au haramu. Zinachosema ni kwamba wanaokifanya ni wanawake wa kila dini na kila hali ya maisha, wakiwemo wengi ambao tayari ni mama wa watoto, na kwamba yeyote anayewazungumzia kama kundi la watu waovu wanaoishi mbali anazungumza juu ya watu ambao huenda anawajua.

Kabla ya kueleza njia, hesabu ya umri wa mimba inafaa kuwekwa sawa, kwa sababu sheria nyingi zimejengwa juu yake. Madaktari na wakunga huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku ya kutungwa mimba, ambayo kwa kawaida huja wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba ya wiki sita ana kiinitete cha wiki nne hivi, na kama mzunguko wake ni wa kawaida, hedhi yake imechelewa kwa wiki mbili tu. Anayetunga sheria yenye kikomo cha wiki sita, apende asipende, anamwachia mwanamke siku chache mno za kujua, kutafakari na kufika kwa daktari. Anayeipinga sheria hiyo naye anapaswa kueleza kikomo chake kiko wapi, kwa maana ni wachache sana wanaoamini kwa dhati kwamba hapafai kuwa na kikomo chochote.

Katika wiki za mwanzo, njia iliyoenea sana siku hizi ni ya dawa. Hutangulia mifepristoni, ambayo huzuia kazi ya projesteroni, homoni inayoutunza utando wa ndani wa mji wa mimba. Utando huo ukikosa matunzo huanza kubanduka, na mlango wa kizazi hulainika. Siku moja au mbili baadaye hufuata misoprostoli, inayoufanya mji wa mimba ujikaze na kutoa kilichomo. Mwanamke hupata maumivu ya tumbo na damu nyingi kuliko ya hedhi kwa saa kadhaa, kisha damu hupungua polepole kwa siku nyingi. Dawa hizo mbili zikitumiwa ipasavyo kabla ya wiki ya kumi, hukamilisha kazi kwa zaidi ya wanawake 95 katika kila 100. Wanaobaki huhitaji kusafishwa kizazi kwa sababu kuna mabaki, au, kwa nadra, kwa sababu mimba imeendelea. Ufaransa iliidhinisha mifepristoni mwaka 1988, na mwaka 2005 dawa zote mbili ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Misoprostoli ina historia ya peke yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na ni wanawake wa Brazil, nchi yenye sheria kali katika jambo hili, waliogundua na kupashana habari katika miaka ya 1980 kwamba inatoa mimba pia. Madaktari wa huko wakaona majeraha na maambukizi makali yakipungua hospitalini, huku sheria ikiwa ni ileile.

Dawa hizi hazitibu mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na jambo hili linahitaji kusemwa wazi kwa sababu kutolijua kunaua. Mimba kama hiyo, ambayo mara nyingi hukaa ndani ya mrija wa uzazi, haiwezi kukua ikawa mtoto. Isipotibiwa kwa sindano ya methotreksati au kwa upasuaji, mrija unaweza kupasuka na mwanamke akavuja damu ndani kwa ndani. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzimia, damu inayolowesha pedi mbili kubwa kila saa kwa saa mbili mfululizo, homa inayodumu zaidi ya siku moja, na uchafu wenye harufu mbaya ukeni ni dalili za kukimbilia hospitali mara moja, iwe mimba imetolewa au imeharibika yenyewe.

Njia nyingine ya miezi mitatu ya mwanzo ni kufyonza. Mlango wa kizazi hulainishwa au kupanuliwa kidogo, mrija mwembamba hupitishwa, na pampu ya mkono au ya umeme hufyonza kilichomo. Kazi yenyewe kwa kawaida huchukua dakika chache, mara nyingi kwa ganzi ya mahali hapo tu. Njia hii imechukua nafasi ya kukwangua kwa chombo cha chuma, ambako Shirika la Afya Duniani limeshauri kuachwe kwa sababu kunaumiza zaidi na huweza kuacha makovu ndani ya mji wa mimba. Baada ya wiki ya 14 hivi mambo huwa mazito zaidi: daktari aliyefunzwa hulainisha na kupanua mlango wa kizazi kwa saa nyingi kisha hutoa mimba kwa vyombo, au dawa hutumiwa kwa dozi za kurudiwa hadi mwanamke apate uchungu na kujifungua. Utoaji wa kipindi hiki ni sehemu ndogo ya wote, na nyuma yake wakati mwingine huwa na habari za kusikitisha: kasoro kubwa iliyoonekana katika picha ya ultrasaundi, ugonjwa wa mama, au msichana aliyeficha mimba kwa hofu hadi ikaonekana.

Panapokuwa na ujuzi na vifaa, hatari ya kufa kutokana na utoaji mimba ni ndogo kuliko hatari ya kufa kutokana na kujifungua. Pasipokuwa navyo, wanawake hutumia vijiti, vimiminika vyenye sumu na dawa za kubahatisha, na matokeo yake ni mji wa mimba kutoboka, maambukizi yanayoenea kwenye damu, kupoteza uwezo wa kuzaa, na kifo. Tofauti kati ya hali hizi mbili haitokani na hulka ya mwanamke wala na uzito wa dhambi yake. Inatokana na mikono iliyomhudumia na chombo kilichotumika.

Hapa ndipo ninapoona ukweli mchungu wa upande wa kwanza. Wengi wanaopinga utoaji mimba wameuongezea msimamo wao madai ya kitabibu yasiyosimama. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 53 kutoka nchi 16, zenye takriban wanawake 83,000 waliougua saratani ya matiti, na haukupata kwamba kutoa mimba kunaongeza hatari ya ugonjwa huo. Utoaji wa mapema uliofanywa vizuri hauharibu uwezo wa kuzaa. Nchini Marekani ilienezwa habari kwamba mwanamke aliyekwisha kumeza mifepristoni anaweza kugeuza kazi yake kwa kunywa projesteroni. Jaribio lililokusudia kulipima dai hilo kwa utaratibu lilisimamishwa mapema mwaka 2019, likiwa na washiriki 12 tu, kwa sababu wanawake watatu walivuja damu kiasi cha kupelekwa hospitali. Mtu anayeamini kwamba uhai wa kijusi ni mtakatifu hana haja ya msaada wa uongo. Kama kitendo ni kibaya, ni kibaya hata kinapofanyika salama, na anayekipinga kwa hoja ya usalama anajiweka mahali ambapo kila pampu iliyoboreshwa inamwondolea hoja.

Upande wa pili nao una wake. Maneno kama "ni damu tu" au "ni fundo la seli" huenda yakasemwa kwa nia ya kumfariji mwanamke, lakini baada ya wiki za mwanzo si ya kweli. Karibu na wiki ya sita ultrasaundi huweza kuonyesha mapigo, ingawa moyo wenye vyumba vyake vyote bado haujaundika. Kufikia wiki ya 12 viungo vikuu vimeshajipanga na kijusi kina vidole. Kuanzia wiki ya 22 hadi 24, penye chumba cha watoto mahututi chenye vifaa, baadhi huzaliwa na kuishi. Kuhusu maumivu, vyama vingi vya madaktari husema kwamba njia za neva zinazoufikisha mhemko kwenye gamba la ubongo hazijaunganika kabla ya wiki ya 24 hivi. Hata hivyo mwaka 2020 watafiti wawili, Stuart Derbyshire na John Bockmann, waliandika kwamba uwezekano wa aina fulani ya maumivu kabla ya hapo haupaswi kukanushwa moja kwa moja, na uzito wa andiko lao uko katika hili: mmoja wao anaunga mkono haki ya kutoa mimba na mwingine anaipinga. Hoja yao haijakubalika kwa wataalamu wengi, lakini mfano wao unaonyesha kwamba watu wenye misimamo tofauti wanaweza kulitazama jambo moja bila kuogopa jibu lake.

Katika swali la afya ya akili, pande zote mbili hufanya kosa hili la kuupindisha ushahidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake waliofika kliniki kutoa mimba, baadhi wakahudumiwa na wengine wakakataliwa kwa kuwa mimba ilikuwa imepita kikomo, ulikuta kwamba miaka mitano baadaye zaidi ya asilimia 95 ya waliotoa waliona uamuzi wao ulikuwa sahihi kwao. Wakosoaji wameeleza, na kwa haki, kwamba chini ya nusu ya walioombwa kushiriki ndio waliokubali, na inawezekana wenye majuto makubwa walijiweka kando. Wako wanawake wanaohuzunika kwa miaka mingi, na huzuni yao isitumiwe kama ushahidi wa jumla wala isizimwe kwa sababu inamsumbua mwanaharakati. Wako pia wanaopata nafuu na hawalii kamwe. Mtu kujuta au kutojuta hakutuambii kama alichofanya kilikuwa cha haki. Watu hujutia mema na kutojutia mabaya.

Sasa lije swali la pili, ambalo hakuna mashine ya ultrasaundi inayoweza kulijibu. Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya utoaji mimba, kwa maoni yangu, haitegemei dini. Mwanafalsafa Don Marquis aliieleza mwaka 1989: tukijiuliza kwa nini kumuua mtu mzima ni kosa, jibu bora ni kwamba tunamnyang'anya maisha yote yaliyokuwa mbele yake, mapenzi, kazi, watoto, furaha na majonzi. Kijusi, anasema, kina mbele yake maisha ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo kukiua ni kukinyang'anya kitu kilekile. Uzuri wa hoja hii ni kwamba inaeleza pia kwa nini kumuua mtoto mchanga ni kosa, ilhali mchanga hana bado mipango wala lugha. Udhaifu wake uko katika swali la ni nani hasa anayenyang'anywa. Kiinitete cha siku chache hakijawahi kuona, kusikia wala kutaka chochote. Baadhi hugawanyika vikawa pacha, na vingi hupotea vyenyewe kabla hata mwanamke hajajua kuwa alikuwa mjamzito. Kama kila kimoja kati ya hivyo ni mtu kamili, basi upotevu huo wa kawaida ungekuwa msiba mkubwa kuliko ugonjwa wowote duniani, na bado hata watetezi wakali wa uhai hawauchukulii hivyo.

Kwa upande wa utetezi wa haki ya kutoa mimba, hoja nzito ni ya mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson, aliyeiandika mwaka 1971, na ujasiri wake ni kwamba anaanza kwa kukubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba kijusi ni mtu tangu mwanzo. Anamwomba msomaji afikirie ameamka na kujikuta mwili wake umeunganishwa bila ridhaa na mpiga fidla mashuhuri mwenye ugonjwa wa figo, ambaye atakufa akichomolewa kabla ya miezi tisa. Mpiga fidla ni mtu na ana haki ya kuishi. Je, haki hiyo inampa mamlaka juu ya figo za mwingine? Thomson anasema hapana: ukikubali kubaki, umefanya wema mkubwa, lakini wema huo haudaiwi kwa nguvu. Ni kweli kwamba katika mambo mengine sheria hazimlazimishi mtu hata kumchangia damu mwanawe, na mimba inadai zaidi ya damu: inadai mifupa, moyo, usingizi, na wakati mwingine maisha.

Wapinzani wa Thomson wana majibu ambayo hayafai kupuuzwa. Mpiga fidla ni mgeni, ila kijusi ni mtoto wa mwanamke huyo, na wazazi wanadaiwa na watoto wao mambo ambayo wageni hawadaiwi. Tena mfano ule unafanana zaidi na mimba ya kubakwa. Katika mimba nyingi tendo lilifanywa kwa hiari, na matokeo yake yalijulikana. Pia kuna tofauti kati ya kuacha kumsaidia mtu na kumuua. Jibu la kwanza kwangu lina uzito mkubwa, la pili si kubwa kama linavyodhaniwa. Kukubali tendo si kukubali kila linalofuata, na wengi wa wanawake hawa walikuwa wakitumia njia za uzazi wa mpango zikawashinda, au hawakuwa na uhuru wa kweli wa kukataa ndani ya ndoa zao. Isitoshe, hoja hiyo humgeuza mtoto kuwa adhabu ya tendo, jambo ambalo mtetezi wa uhai angepaswa kulikataa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mimi huona kwamba hadhi ya kimaadili ya kilicho tumboni hukua pamoja nacho, na kwamba sababu inayotosha katika wiki ya saba inaweza isitoshe katika wiki ya 25. Najua msimamo huu unashambuliwa kutoka pande zote, kwa kuwa hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kuionyesha akasema hapa ndipo uzito ulipoanza. Lakini kukosekana kwa mstari mkali hakufuti tofauti iliyopo kati ya miisho miwili. Mapokeo ya dini nayo yameliona hilo kwa namna zake. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wamezingatia hadithi inayofahamika kuwa roho hupuliziwa baada ya siku 120, wakatofautiana kuhusu kipindi cha kabla ya hapo, wengine wakiruhusu kwa udhuru na Wamaliki, wafuasi wa mojawapo ya madhehebu ya fikihi, wakielekea kukataza tangu mwanzo. Baada ya siku hizo wanakubaliana kwamba ni haramu isipokuwa kuokoa uhai wa mama. Katika Uyahudi, sheria ya kale ya Mishna inatanguliza uhai wa mama hadi sehemu kubwa ya mtoto itakapokuwa imetoka. Kanisa Katoliki kwa karne nyingi lilikuwa na wanateolojia, akiwemo Thomas Aquinas, waliodhani kwamba roho huingia wiki kadhaa baada ya kutungwa mimba, ingawa hata wao waliliona tendo lenyewe kuwa dhambi. Mwaka 1869 Papa Pius IX aliondoa tofauti ya adhabu iliyotegemea umri wa mimba. Kwa hiyo anayesema dini zote zinasema jambo moja hajasoma, na anayesema dini hazina lolote la kuchangia hajasoma pia.

Suala linalowatatiza watetezi wa uchaguzi ni mimba zinazotolewa kwa sababu ya sifa za mtoto. India ilipitisha mwaka 1994 sheria ya kuzuia vipimo vya kujua jinsia kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa mimba za watoto wa kike zilikuwa zikitolewa kwa wingi. Mtu anayesema kwamba sababu ya mwanamke haihojiwi kamwe anawajibika kueleza atasema nini juu ya hilo, na juu ya mimba zinazotolewa kwa kuwa kipimo kimeonyesha ugonjwa wa Down. Watu wenye ulemavu wanaposema kwamba jamii inawaambia ingekuwa heri wasingezaliwa, hawazungumzi mafumbo. Sidhani jibu ni kumlazimisha mama mmoja abebe mzigo ambao jamii nzima imekataa kuusaidia. Lakini sidhani pia kwamba neno "chaguo" linatosha kufunga mazungumzo.

Swali la tatu, la sheria, ndilo ambalo historia inalo la kusema kwa kina, na hakuna nchi inayofundisha zaidi ya Romania. Mwaka 1966 utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba karibu wote, lengo likiwa kuongeza watu, si heshima ya uhai. Mwaka uliofuata idadi ya waliozaliwa iliongezeka karibu mara mbili. Anayedai kwamba sheria haiwezi kabisa kupunguza utoaji mimba aikumbuke takwimu hiyo. Kisha wanawake wakatafuta njia za kificho, uzazi ukashuka tena mwaka baada ya mwaka, na vifo vya uzazi vikapanda hadi vikawa vya juu kuliko vya nchi nyingine yoyote ya Ulaya. Marufuku ilipoondolewa mwishoni mwa 1989, vifo hivyo vilipungua kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Na hapo pia kuna namba isiyowapendeza wanaoshangilia: mwaka 1990 mimba karibu milioni moja zilitolewa nchini humo, takriban mara tatu ya watoto waliozaliwa hai. Idadi hiyo ilishuka baadaye, njia za uzazi wa mpango ambazo utawala ule ulikuwa umezizuia zilipoenea. Romania inaonyesha kwamba marufuku huua wanawake, kwamba ruhusa peke yake haipunguzi mimba zinazotolewa, na kwamba kinachozipunguza ni kuzuia mimba isiyotakiwa isitungwe. Afrika Kusini nayo ilipitisha sheria ya kuruhusu mwaka 1996, na vifo vilivyotokana na utoaji usio salama vikapungua kwa takriban asilimia 90 katika miaka michache.

Mtetezi wa uhai anaweza kujibu kwamba hesabu hizo zinawahesabu wanawake tu na kuwaacha walio tumboni, na kwamba wizi hauhalalishwi kwa kuwa wezi huumia wakikimbia. Ndani ya imani yake jibu hilo lina mantiki. Lakini linamtaka awe mkweli kuhusu gharama: sheria anayoitaka itakuwa na vifo ndani yake, na waliokufa watakuwa zaidi wale wasio na fedha za kusafiri kwenda mahali panaporuhusiwa. Nchini Ireland mwaka 2012, Savita Halappanavar alilazwa akiwa na mimba ya wiki 17 iliyokuwa tayari inaharibika. Aliomba itolewe, akakataliwa kwa kuwa mapigo ya moyo wa kijusi yalikuwa bado yanasikika, na akafa kwa maambukizi yaliyoenea kwenye damu. Kijusi hakikuwa na uwezekano wa kuishi kwa uamuzi wowote ule. Miaka sita baadaye zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura waliiondoa kwenye katiba ibara iliyokuwa imelinganisha uhai wa mama na wa kijusi. Hata mafundisho ya Kikatoliki, ambayo yanakataza kuua kijusi moja kwa moja, yanaruhusu matibabu yaliyokusudiwa kumwokoa mama, kama kuondoa mrija wenye mimba iliyotunga nje, ingawa yanajulikana kuwa yataimaliza mimba hiyo. Pengo lililokuwepo lilikuwa kati ya mafundisho na daktari aliyeogopa kushtakiwa.

Hofu hiyo ya daktari ndiyo ninayoiona kuwa jambo la dharura kuliko falsafa yote iliyotangulia. Mimba nyingi huharibika zenyewe, kati ya asilimia 10 na 20 ya zile zinazojulikana, na matibabu yake ni dawa zilezile na pampu ileile. Mwanamke anapofika akivuja damu, daktari hawezi kwa kumpima tu kutofautisha mimba iliyoharibika na iliyotolewa kwa misoprostoli. Sheria inayomtaka daktari awe mpelelezi kwa hiyo huwakamata waliofiwa pamoja na waliokusudia. El Salvador, iliyopiga marufuku utoaji wa kila namna tangu 1998, imewafunga wanawake waliosema mimba zao ziliharibika. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliihukumu kuwa na hatia katika kesi ya mama aliyetoka hospitalini hadi gerezani kwa kifungo cha miaka 30, akafa kwa saratani akiwa bado anakitumikia. Daktari ana haki ya kukataa kutoa mimba kwa sababu ya dhamiri yake, na haki hiyo naitetea, mradi amwelekeze mgonjwa kwa mwingine na asiitumie penye dharura. Ila mbele ya anayevuja damu hapana dhamiri ya kukataa, na alichomweleza daktari ili atibiwe hakipaswi kufika polisi, katika nchi inayoruhusu utoaji mimba na katika nchi inayoukataza.